Orodha ya Maneno si Lugha

Miongoni mwa mizigo ambayo elimu imewatwika vijana, ni michache iliyobebwa kwa jasho jingi na kutuliwa kwa faida ndogo kama orodha ya maneno magumu ya Kiingereza. Mzigo huu ulifungwa Marekani, kwa ajili ya mtihani wa kuingilia vyuo vikuu uitwao SAT. Kwa miongo mingi ulibebwa na kila kijana aliyetaka kuvuka kizingiti cha vyuo hivyo, awe mzaliwa wa Boston, wa Seoul au wa Mombasa. Kijana alikata karatasi vipande vidogo. Upande mmoja aliandika neno, upande wa pili akaandika maana yake. Akavitia vipande hivyo mfukoni, akavitazama njiani, mezani na kitandani, mpaka maneno elfu moja au mbili yakakaa kichwani mwake kama magunia yaliyopangwa ghalani. Siku ya mtihani ilipokwisha kupita, mlango wa ghala ulifunguka, na magunia yakatoka yenyewe.

Wako wanaoiita kazi hiyo elimu. Wako tena wanaoiona kuwa kipimo cha akili. Madai yote mawili yastahili kukanwa. Kujua maneno mengi ni jambo jema, na neno gumu halina kosa kwa kuwa gumu. Lugha iliyokosa maneno magumu haiwezi kubeba mawazo magumu. Kosa liko katika mambo matatu: kulitenga neno na wenzake, kulipa maana moja ya mkato, na halafu kuuchukua ukariri wa maana hiyo na kuutangaza kuwa kipawa cha mtu. Kosa la kwanza laidhulumu lugha. La pili lamdhulumu mwanafunzi. La tatu laidhulumu haki.

Yafaa kuanza na hilo la tatu, maana ndilo lililozaa mengine. Mtihani wa SAT ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni, 1926, na watahiniwa 8,040. Walipewa maswali 315 kwa dakika 97, yaani muda usiotimia sekunde ishirini kwa kila swali. Miongoni mwa sehemu zake tisa zilikuwamo za maana za maneno, za maneno ya kinyume, na za milinganisho ya maneno. Herufi zake tatu zilikuwa ufupisho wa jina lenye majivuno: Mtihani wa Kipawa cha Masomo. Mkuu wa watungaji wake alikuwa Carl Brigham, mwalimu wa Princeton na bingwa wa elimu ya nafsi. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1923, Brigham alikuwa ametoa kitabu juu ya akili za Wamarekani, akiyategemea majaribio waliyopewa askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Humo alidai kwamba watu wenye asili ya kaskazini ya Ulaya wamewazidi wengine wote kwa akili ya kuzaliwa.

Lakini Brigham alikuwa na uungwana ambao wafuasi wengi wa mitihani hawakuurithi. Mwaka 1930 aliandika kuyafuta madai yake mwenyewe. Alikiri kwamba mtihani uliotungwa kwa lugha fulani haufai kuwalinganisha watu, isipokuwa watu hao wawe wamepata nafasi sawa ya kujifunza lugha hiyo. Hayo hayakusemwa na adui wa mtihani, wala na mwanafunzi aliyeshindwa akatafuta kisingizio. Aliyeupanda mti ndiye aliyeonyesha sumu iliyomo katika tunda lake. Pamoja na hayo tunda liliendelea kuuzwa, na kwa miaka mingi baada ya ungamo hilo, vijana wasiopata nafasi sawa ya lugha waliendelea kulinganishwa kwa lugha ile ile, na matokeo yakaendelea kuitwa kipawa.

Haki yataka isemwe pia kwamba walioueneza mtihani huu hawakuwa wote na nia mbaya. James Bryant Conant, aliyeshika uongozi wa Harvard mwaka 1933, aliutaka ili kuwatafutia misaada ya masomo vijana hodari waliotoka mbali na shule chache za kitajiri za mashariki ya Marekani. Alitaka kipimo kisichouliza baba yako ni nani. Nia ilikuwa njema. Chombo alichokichagua, hata hivyo, kiliuliza swali lile lile kwa mlango wa nyuma, maana neno adimu hurithiwa kama samani. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye rafu za vitabu, ambamo wazee hubishana kwa Kiingereza cha vyuoni wakati wa chakula, huokota maneno hayo sakafuni bila ya kujua kwamba anaokota. Mwenzake aliyekulia penye upungufu wa vitabu hana budi kuyanunua moja moja, na kuyalipia kwa usingizi wake.

Swali moja la milinganisho lilipata sifa mbaya kuliko yote. Mtahiniwa alipewa uhusiano wa mkimbiaji na mbio ndefu za marathon, akatakiwa kutafuta jozi nyingine yenye uhusiano kama huo. Jibu lililotakiwa lilikuwa mpiga makasia na regatta. Neno hilo, lenye asili ya Venice, ni jina la mashindano ya vyombo vya majini. Wakosoaji walisema, na walisema kweli, kwamba swali hilo humwuliza kijana kama amepata kuishi karibu na vilabu vya matajiri. Mawazo na yamfikirie kijana wa Lamu mbele ya swali hilo. Ameona mashindano ya majahazi tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Ajua tanga, ajua upepo, ajua nahodha anavyokaba kona ili amzibie njia mwenzake. Kitu anakijua, ila jina lake katika lugha ya mtihani ndilo limempita. Karibu naye ameketi kijana asiyepata kuona hata ngalawa, lakini usiku uliopita alilikariri neno regatta kwenye kipande cha karatasi. Mtihani utampa alama huyu wa pili, na kusema kwamba yeye ndiye mwenye kipawa cha kutambua uhusiano wa mambo. Kwa kipimo hicho jina limeshinda kitu, na kivuli kimepewa heshima ya mti.

Penye kizingiti hapakosi mwuza ngazi. Tangu miaka ya 1940 Stanley Kaplan, mwalimu wa Brooklyn, alikuwa akiwafundisha vijana mbinu za mtihani huu. Wenye mtihani walisema kwa muda mrefu kwamba mafunzo ya namna hiyo hayaongezi kitu, kwa kuwa kipawa hakifundishiki. Mwaka 1979 ripoti ya tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilisema kwamba baadhi ya mafunzo hayo huongeza alama. Ubishi haukuisha, lakini soko lilikuwa limekwisha kutoa hukumu yake. Vitabu vya matayarisho vikajaa madukani, kimojawapo kikiwa na orodha ya maneno yapatayo 3,500. Ikiwa kipawa chaweza kununuliwa kwa ada ya miezi michache, basi si kipawa. Na ikiwa hakiwezi kununuliwa, basi waliouza walikuwa wakiuza upepo. Kwa vyovyote vile mtihani haukuweza kuondoka mezani bila doa.

Mwaka 2001 doa hilo lilitajwa hadharani na mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita mjinga wa mambo hayo. Richard Atkinson alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, na mwenyewe ni mtaalamu wa elimu ya nafsi. Alieleza jinsi alivyoona katika shule moja ya watu wenye uwezo watoto wa miaka kumi na miwili wakitumia saa nyingi kila mwezi kujitayarisha kwa mtihani, wakikariri orodha ndefu za milinganisho ya maneno. Hawakuwa wakisoma hadithi, wala historia, wala kuandika jambo lolote la maana. Walikuwa wakijifunza kujibu. Basi msiba wa orodha haukumpata maskini peke yake. Maskini alinyimwa mlango. Tajiri aliufunguliwa, lakini kwa bei ya utoto wake wa kusoma.

Hapa ndipo pa kugeukia dhuluma ya lugha yenyewe. Neno halikai peke yake kama jiwe. Lina jamaa, lina majirani, lina mahali linapokaribishwa na mahali linapofukuzwa. Hayo hayahitaji ushahidi wa mbali kwa msomaji wa Kiswahili. Mgeni aliyeandikiwa katika kipande cha karatasi kwamba kupiga ni kugonga kwa mkono au kwa fimbo, atafanya nini akisikia kwamba fulani amepiga pasi, amepiga mbizi, amepiga magoti, amepiga chafya, na mwisho amepiga moyo konde? Atadhani amefika katika nchi ya ugomvi. Hakudanganywa na orodha yake. Maana aliyopewa ni ya kweli. Ila alipewa mfupa, akaambiwa kwamba huyo ndiye ng'ombe.

Hali ya Kiingereza ni hiyo hiyo. Orodha husema kwamba plethora ni wingi. Kijana mwenye adabu hulichukua neno hilo, akaandika katika maombi yake ya chuo kwamba ana plethora ya shukrani kwa mama yake. Hajui kwamba neno hilo lilikaa kwanza kwa matabibu, likiwa na maana ya damu iliyozidi mwilini, na kwamba mpaka leo hunukia uzito wa kitu kilichopita kiasi. Alitaka kumtukuza mama, kumbe amesema shukrani zimemzidi kama maradhi. Orodha husema tena kwamba garrulous, loquacious na voluble ni maneno ya mtu msemaji. Mtu wa pwani ajua kwamba mlumbi, msemaji na mpayukaji wote ni watu wa maneno mengi, lakini hawezi kumwita mzee wake mpayukaji akatumaini kuombewa dua. Tofauti hiyo ndiyo elimu. Nayo ndiyo ambayo kipande cha karatasi hakina nafasi ya kuiandika.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa orodha hawapendi kulitazama: maneno waliyoyakusanya, mengi yake siyo yanayofanya kazi chuoni. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtaalamu wa lugha huko New Zealand, alitoa matokeo ya uchunguzi wa maandishi ya kitaaluma yenye maneno yapatayo milioni tatu na nusu. Alipata jamii 570 za maneno ambayo, zikiongezwa juu ya maneno 2,000 ya kawaida ya Kiingereza, huchukua kama asilimia 10 ya maandishi hayo. Ni maneno ya aina gani? Ni ya kuchanganua, kudhani, kukadiria, kufasiri, kuthibitisha. Hayana manyoya ya tausi. Mwanafunzi akiyakuta katika gazeti hayatamshtua, wala mwuza vitabu hawezi kuyatangaza kama siri. Lakini anayeyatumia barabara aweza kusoma sayansi, sheria na historia. Asiyeyajua barabara, hata akawa na maneno 3,000 ya tausi kichwani, atasimama nje ya somo la kwanza. Orodha ya mtihani ilichagua maneno kwa uwezo wake wa kuwaangusha watu, na chuo huyachagua kwa uwezo wake wa kuwainua.

Hoja moja ya watetezi ina nguvu, na haistahili kupitwa kimya kimya. Wasema kwamba orodha ni maktaba ya maskini. Kijana asiye na vitabu nyumbani, asiye na mwalimu aliyebobea, na aliyebakiwa na miezi sita, hawezi kuambiwa asome riwaya mia. Mpe orodha, naye kwa bidii yake atapunguza umbali kati yake na mtoto wa tajiri. Wanaongeza kwamba kuuondoa mtihani hakukuwapa maskini haki. Chuo Kikuu cha California kiliamua mwaka 2020 kuacha kuutumia. Lakini MIT iliurudisha mwaka 2022, na Dartmouth mwaka 2024, baada ya uchunguzi wa walimu wake kuonyesha kwamba baadhi ya vijana wa hali ya chini walificha alama ambazo zingewafaa.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Mtihani ulio wazi kwa wote ni bora kuliko barua za kusifiana baina ya watu wanaojuana. Na mwenye njaa hakatazwi kula kiporo. Lakini anayempa mwenye njaa kiporo asijisifu kwamba amemfanyia karamu, wala asitumie kiporo hicho kuwa sababu ya kutompa shamba. Wanaosema orodha ni maktaba ya maskini wamekiri, bila kukusudia, kwamba maskini hana maktaba. Dawa ya upungufu huo ni vitabu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Lakini mwalimu anayejua kwamba bahari iko, akamwacha mwanafunzi wake aogelee katika kifuu, amemdhulumu mara mbili: amemnyima maji, na amemnyima hata kiu.

Wenye mtihani wenyewe wamekuwa wakiyaondoa mawe ya jengo lao moja baada ya jingine. Mwaka 1994 maswali ya maneno ya kinyume yaliondolewa. Mwaka 2005 milinganisho ikafuata. Mwaka 2016 maswali ya kujaza pengo kwa maneno adimu yaliachwa, na badala yake mtahiniwa akaulizwa maana ya neno kama lilivyotumiwa ndani ya kifungu. Hata jina halikupona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno kipawa lilitolewa, likatiwa neno tathmini. Na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba herufi zile tatu hazisimami badala ya neno lolote. Mtihani uliowahukumu vijana kwa kutojua maana za maneno ukabaki na jina lisilo na maana. Mshairi wa kejeli asingeweza kutunga jambo lililo bora zaidi.

Je, vita vimekwisha? Havijakwisha. Tangu mwaka 2024 vijana wa Marekani, kama wenzao wa nchi nyingine tangu mwaka 2023, hufanya mtihani huu kwa kompyuta, na vifungu vya kusoma vimekatwakatwa vikawa vya maneno 25 mpaka 150, kila kifungu na swali lake moja. Neno limetolewa katika kifungo cha upweke, likatiwa katika chumba chenye dirisha dogo. Ni nafuu, lakini si uhuru. Kijana aliyezoezwa kusoma maneno 150 na kujibu, hajazoezwa kusoma sura ya kurasa thelathini na kuivumilia. Na chuo kitampa sura, hakitampa kifungu. Jana alikariri neno bila sentensi. Yapo maonyo ya kutosha kwamba kesho atakariri mbinu za kifungu bila ya kujua kitabu.

Jambo hili haliwahusu Wamarekani peke yao. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba nafasi katika vyuo vya huko huketi mbele ya mtihani huo huo, na wengi huanza kwa kutafuta orodha za zamani ambazo mtihani wenyewe umekwisha kuzitupa. Wanabeba mzigo ambao hata mwenye mali hauhitaji tena. Na ugonjwa huu umevuka mpaka wa Kiingereza. Si ajabu kumwona mtahiniwa wa insha ya Kiswahili akipachika methali tano na misamiati sita aliyopewa na mwalimu, kila moja mahali pasipo pake, kwa kuwa aliambiwa kwamba mtahini hupenda mapambo. Aliyelelewa hivyo katika lugha yake mwenyewe atakuwaje mwerevu katika lugha ya watu?

Wanavyuo na walimu ndio wenye dawa, nayo si ngeni. Mwanafunzi na afundishwe neno pamoja na ukoo wake. Akilijua soma, na ayaone masomo, msomi, usomaji na kusomesha yakitoka katika shina moja. Vivyo hivyo ayaone loquacious, eloquent na colloquial yakitoka katika shina la Kilatini lenye maana ya kusema, ndipo neno moja litamletea ndugu zake nyumbani. Na ajue hadithi ya neno: aliyesikia kwamba laconic ni jina lililotoka kwa watu wa Laconia, yaani nchi ya Sparta, waliosifika kwa uchache wa maneno, hatahitaji kipande cha karatasi. Zaidi ya yote, na asome kitabu kizima mpaka mwisho, aandike aliyoyafikiri, na asahihishwe na mtu aliyeyasoma maandishi yake. Njia hiyo ni ndefu. Lakini ile fupi imekwisha kujaribiwa kwa miaka karibu mia, na walioijenga wameanza kuibomoa kwa mikono yao wenyewe.

Kijana mwenye orodha mfukoni astahili heshima kwa bidii yake; lawama si yake. Ni ya wale waliomwambia kwamba lugha ni ghala la magunia, wakampa ufunguo, wakampeleka mbele ya mlango usiokuwa na nyumba nyuma yake. Bidii ile ile, saa zile zile, usingizi ule ule uliopotea, vingetosha kumpa lugha.